Mnyoo Aliyepewa Jina la Mama

Dada yangu alichukua jina la Mama akampa mnyoo. Nalisema hili mapema, maana kila ninayemsimulia hunikatiza na kuniambia, "Hebu rudia." Haya, narudia. Mama aliyetubeba, akatunyonyesha, akatufulia nepi kwa mikono yake, jina lake lilichukuliwa, likashonewa mkia wa Kilatini, akavishwa mnyoo anayeishi ndani ya jicho la bata. Na Dada aliingia nyumbani siku hiyo anacheka peke yake mlangoni, karatasi mkononi, utadhani katuletea posa.

Mama alikuwa anachambua mchele. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akaweka ungo chini.

"Nimekuzaa kwa uchungu wa siku nzima," akasema, "na shukrani yangu ni mnyoo?"

"Mama, hii ni heshima kubwa. Wataalamu wa dunia nzima watalisoma jina lako."

"Watalisoma huku wakitazama nini?"

"Mnyoo, Mama."

"Haya basi."

Akauchukua ungo wake akaendelea, ila nilimwona anatabasamu kwa pembeni. Kesho yake asubuhi nilimsikia akimwambia muuza mkaa kwa madaha, "Unajua kwamba mimi nina mnyoo?" Yule bwana akamjibu kwa huruma kwamba dawa zake zipo duka la kona na hazina shida, unameza mara moja tu.

Tulicheka sana wakati ule. Nyumba yetu ilikuwa ya wanawake watatu: Mama, Dada aliyekataa waume wawili kwa sababu hawakuwa na subira, na mimi niliyerudi kutoka kwa wangu kwa sababu sikuwa nayo mimi. Ninasuka nywele barazani. Kiti changu kinatazama mtaa, kwa hiyo habari zote hunipitia mkononi kabla hazijafika kwa wenyewe.

Mama alikuwa na jicho moja. La kushoto lilikufa na surua akiwa mtoto, likabaki jeupe kama yai lililomenywa. La kulia ndilo lililofanya kazi ya yote mawili, na lilifanya hasa. Alikuwa anaona punje ya mchanga kwenye mchele kabla mimi sijauona mchele wenyewe. Alipenda kuona kuliko alivyopenda kula. Kila jioni Dada akirudi kazini, kabla hajavua viatu, Mama alimuuliza, "Umeona nini leo?" Na Dada alikaa kitini akamweleza, na Mama akasikiliza, lile jicho lake moja likiwa limemkodolea binti yake kama mtu anayesoma.

Na Dada alikuwa na ya kueleza. Tangu utoto wetu, tukitumwa dukani mimi narudi na chumvi, yeye anarudi na mende wawili ndani ya kiberiti, na hagusi chakula mpaka kila mtu akubali kwamba wale si mende wa aina moja. Mtu wa namna hiyo unamwajiri wapi? Waliomwajiri ni maabara ya mifugo, chumba cha ndege. Mtaani walimwita Daktari wa Bata. Hakuwa daktari, na alikuwa akiwaambia kila mara, nao kila mara waliitikia, "Sawa, Daktari."

Nilikwenda kule mara nyingi kumpelekea chakula, maana alikuwa anasahau kwamba ana tumbo. Chumba kina dirisha moja linalotazama ukuta. Kuna meza ndefu yenye madoa mekundu ya ile rangi ya kupakia minyoo, sinki lenye bomba linalotona, na rafu kutoka sakafuni mpaka darini zimejaa vichupa vya spiriti na visanduku vya vioo. Harufu yake inakushika kooni. Wafugaji walileta bata, bukini, kuku, wakati mwingine ndege wa mtoni waliokufa. Dada alilifunua jicho taratibu kwa kijiti. Ndege ana kope la tatu, utando unaopita jichoni kutoka kona ya ndani kama pazia, na nyuma ya pazia hilo ndipo anapokaa huyo bwana. Ni mnyoo mdogo, bapa kidogo, urefu wake kama punje ya mchele iliyovunjika. Ana midomo miwili: mmoja mbele wa kulia, mmoja tumboni wa kujishikizia asianguke. Anashika nyama ya jicho, anakaa hapo anakula machozi na kilichomo ndani ya machozi.

Kazi ya Dada ilikuwa kusema huyu ni yupi. Ukimsikia, ungedhani wako wawili watatu. Wapi! Wako wengi, wanafanana kama maharage ya gunia moja, na wenye vitabu vyao wanagombana juu yao miaka na miaka. Unapima upana dhidi ya urefu. Unapima mdomo wa mbele dhidi ya wa tumboni. Unatazama korodani zake mbili, samahani lakini ndivyo ilivyo, kama zimepangana moja nyuma ya nyingine au zimekaa ubavu kwa ubavu. Mimi nilimwambia kama hiyo ndiyo njia ya kumtambua mtu, mtaa wetu ungekuwa na kesi nyingi.

Sasa, huwezi kupima kitu kinachojikunja. Huyu mnyoo akifa hujiviringa, na akiwa mnene viungo vyake havionekani. Kwa hiyo unamlaza katikati ya vipande viwili vya kioo, unaweka uzito juu, unamiminia spiriti pembeni, anakauka akiwa ametandazwa. Mzee aliyemfundisha Dada kazi alikuwa na kijiwe chake cha shaba kwa shughuli hiyo, chepesi kama kifungo cha koti. Alipostaafu akaondoka nacho. Kilikuwa chake, nani angemzuia? Dada akarudi nyumbani siku hiyo analalamika kwamba maabara nzima haina uzito wa kukandamizia minyoo.

Mama akaingia chumbani kwake, akatoka na jiwe la mizani ya Baba. Baba alikuwa na duka la nafaka kabla hajafariki, na kitu pekee alichokihifadhi Mama kutoka dukani kilikuwa lile jiwe la robo kilo, jeusi, limeng'aa kwa kushikwa.

"Weka hili," akasema. "Baba yako hakuwahi kumpunja mtu kwa hili."

Dada alilipokea kwa mikono miwili.

Haukupita mwaka akaanza kuwaona minyoo wapya. Walitoka kwenye bata wa mtaani kwetu: wapana, wamekaa kama jani, korodani ubavu kwa ubavu. Alitoa vioo vya zamani vya Mzee rafuni, akawaweka kando kwa kando, wala hawakufanana hata kidogo. Wale wa Mzee walikuwa wembamba, viungo vimepangana foleni. Alipima, akapima tena, akapeleka vioo vyake kwa wataalamu wakubwa, nao wakapima vioo hivyohivyo, wakakubali. Ni aina mpya. Aliyegundua ana haki ya kumpa jina. Ndipo karatasi, ndipo mlangoni, ndipo Mama na ungo wake.

Jioni ya sherehe yetu ndogo Mama aliuliza kama kawaida, na Dada akaeleza, na mimi nikaacha kula.

"Yai lake lina jicho," alisema. "Ukilitazama kwenye hadubini unaona kidoa cheusi kinakutazama. Ni jicho la mtoto aliye ndani. Na ndani ya huyo mtoto, kabla hata yai halijapasuka, tayari kuna mtoto mwingine."

"Ana mimba kabla hajazaliwa?" Mama akauliza.

"Ndiyo, Mama. Anaingia ndani ya konokono, na yule aliyemo ndani anatoka, naye anazaa wengine, na hao wanazaa wengine, mpaka konokono amejaa. Kisha wanatoka majini wanajigandisha kwenye magugu, kwenye magamba ya konokono, popote, wanasubiri."

"Wanasubiri nini?"

"Joto la mwili. Wakilipata wanatafuta jicho."

Mama akasema "Loo," akajipangusa jicho lake na ncha ya kitambaa. Alicheka. Mimi sikucheka, nilipeleka sahani jikoni.

Nyuma ya mtaa wetu kuna kiwanda cha nyuzi, na kiwanda kinatoa maji ya uvuguvugu kwenye mfereji mpana unaopita nyuma ya nyumba. Asubuhi yanafuka moshi. Konokono wanayapenda, wamejaa humo mpaka ukikanyaga ukingoni unasikia wanavunjika chini ya kiatu. Na penye konokono pana bata. Kila nyumba ilifuga bata na bukini kwa sababu ya mfereji ule, na wanawake walifulia pale, na watoto walioga pale wakati wa baridi, maana nani atakupa maji ya moto ya bure?

Kisha bata wakaanza kufumba macho. Kwanza wa jirani, halafu wa kwetu. Walikuwa wanasugua kichwa kwenye bawa, wanasugua, wanasugua, mpaka manyoya ya bawa yanalowa. Bukini mmoja mkubwa alipofuka macho yote, akawa anaogelea kwa kuzunguka mahali pamoja siku nzima huku analia. Sauti ile ilinifanya nifunge dirisha.

Bwana mifugo, kijana mmoja mwenye pikipiki na haraka nyingi, aliitisha mkutano katika darasa la shule. Alitaka mfereji ufungwe msimu mzima. Kiwanda kizuie maji, konokono wakwanguliwe, mtu asifue wala asioge. Wanawake walimrukia. Bata watakula nini? Nguo tutafulia machozi yetu? Mmoja akamuuliza kama yeye nyumbani kwake anaogea mate.

"Kuna minyoo ya macho," akasema. "Na imewahi kuonekana kwenye macho ya watu."

Hapo ndipo Dada aliposimama. Nilikuwa nimekaa nyuma yake, niliona jinsi alivyonyoosha gauni kwanza. Akawaeleza kwa upole kwamba minyoo si wa aina moja. Yule mwembamba wa zamani, ni kweli, mara chache mno amekutwa kwa binadamu, tena mbali. Huyu wa mfereji wetu ni mwingine, yeye mwenyewe ndiye aliyemtambua, na hajaonekana popote isipokuwa kwenye bata na bukini.

"Huyu wetu ni wa ndege tu," akasema. "Hamgusi mtu."

"Una hakika, dada?" bwana mifugo akauliza.

"Nimempa jina la mama yangu mzazi."

Darasa zima likapiga makofi. Mama, aliyekaa mstari wa mbele, aliinuka nusu na kupunga mkono kama bibi harusi. Bwana mifugo akakunja karatasi zake akawasha pikipiki. Mfereji ukabaki wazi.

Mama alikuwa na kazi yake kila asubuhi: kuwaokota konokono kwenye magugu, kuwaponda juu ya jiwe na kuwatupia bata. Alirudi mikono imelowa mpaka kwenye viwiko. Na jicho lake lile, kwa uzee, lilikuwa linatoa machozi, naye alikuwa analipangusa kwa mgongo wa mkono bila kufikiri. Sote tulimwona. Nani alikuwa na neno? Mnyoo alikuwa wa ndege tu.

Lilianza kama mchanga. "Kuna kitu kimeingia," alisema. Tukalipuliza, tukaliosha kwa maji safi. Baada ya siku chache likawa jekundu, asubuhi linaamka limegandana, anatumia kitambaa cha moto kulifungua. Zahanati wakampa matone wakasema ni vumbi. Halafu wakampa matone mengine wakasema ni uzee. Mama akawa anakaa kwenye kona yenye kivuli, akaniachia mimi kazi ya konokono. Akasema neno lililonifanya niache chanuo kwenye kichwa cha mteja.

"Kinatembea," alisema. "Kinatembea halafu kinashika."

Jioni ile Dada hakuwahi hata kuvua viatu. "Mtazame Mama," nikamwambia.

"Ameshatazamwa zahanati."

"Wewe. Mtazame wewe. Kila siku unafunua macho ya bata, hili moja linakushinda nini?"

"Unafikiri ni nini?" akaniuliza, na sauti yake ilikuwa ya baridi. "Unafikiri ni mnyoo? Nimesema mbele ya mtaa mzima hamgusi mtu. Wataalamu wamekubali. Wewe unajua nini zaidi yao?"

"Sijui lolote. Najua Mama ana jicho moja."

"Msigombane," Mama akasema kutoka kwenye kivuli. "Mwenye macho haambiwi tazama. Binti yangu angekuwa na wasiwasi angeshatazama."

Alisema kwa kumtetea. Dada akala, akaosha mikono kwa muda mrefu kuliko kawaida. Nilimchukia, nasema wazi. Nilimwona anaogopa, na nilijua anaogopa nini. Akilifunua lile kope kumtafuta mnyoo, amekwisha kulitilia shaka jina. Akawa anamwambia Mama, "Matone yatafanya kazi, vuta subira," huku akiongea na ukuta.

Mama alivuta subira. Alivuta mpaka siku alipomimina chai kando ya kikombe, juu ya meza, ikamwagikia mapajani, na yeye akaendelea kumimina.

"Mbona kuna ukungu ndani ya nyumba?" akauliza.

Nilimvisha viatu, nikamshika mkono, nikamfukuza mteja aliyekuwa amesukwa nusu kichwa, nikaenda naye moja kwa moja maabara. Ilikuwa mchana, jua kali. Dada alikuwa ameinamia hadubini. Nilimkalisha Mama kwenye kiti kilichokuwa karibu na taa.

"Umemleta huku kufanya nini?" Dada akasema. "Hapa ni pa wanyama."

"Bata unawatazama. Mtazame na mama yako."

Alitaka kusema kitu. Mama akainua uso kuelekea mahali sauti ilipotoka, akakosea kidogo, akautazamisha kwenye sinki. Dada aliona. Akanawa, akachukua kijiti cha pamba, akainamisha taa.

"Usipepese, Mama."

Alilikunja kope la juu juu ya kijiti kama alivyofanya kwa bata maelfu. Nilisikia bomba likitona kwenye sinki. Akaisogeza taa karibu zaidi.

"Umeona nini?" Mama akauliza, kwa sauti ileile ya kila jioni.

Dada alichukua kibanio chenye ncha nyembamba. Akavuta, na kitu kile kikanyooka kabla hakijaachia, na Mama akaguna. Akakiweka kwenye kisahani chenye maji ya chumvi. Akarudi. Akavuta kingine. Akarudi tena. Nilitazama kwenye kisahani, Mungu wangu, vilikuwa vinajivuta na kujikunyata kama vinatafuta mlango.

Alimweka mmoja chini ya hadubini, mzima, bila kumkandamiza, akatazama kwa muda mrefu. Kisha akasogea pembeni.

"Njoo utazame."

Nilitazama. Alikuwa mwembamba, anarefuka na kufupika, na ndani yake vile viungo viwili vimekaa foleni, kimoja nyuma ya kingine. Mafundisho ya mezani hayakupotea bure, hata mimi niliona.

"Huyu si wako," nikasema. "Huyu ni yule wa Mzee. Anayeingia kwa watu." Na nitakuwa mkweli, kwa nukta moja nilipata nafuu kwa ajili yake. Nilidhani mnyoo mwingine ameingia mferejini kwa bahati mbaya, na Dada hakukosea.

Dada alimfunika yule mnyoo kwa kioo cha pili. Akanyoosha mkono, akachukua jiwe la Baba, akaliweka juu. Akamimina spiriti pembeni. Tukangoja, sote watatu, Mama ameshikilia pamba jichoni. Dada alipoliondoa jiwe hakutazama. Alinionyesha tu kwa kidole.

Nilitazama tena. Mnyoo alikuwa mpana kama jani. Viungo vyake viwili vilikuwa vimesukumwa vikakaa ubavu kwa ubavu. Dada akaniwekea kando yake kile kioo chenye jina la Mama, kilichokuwa na kisanduku chake peke yake rafuni, nami nikahamisha jicho huku na kule, huku na kule. Alikuwa yuleyule.

"Jiwe," nikasema. "Kumbe ni jiwe!"

"Mzee alitumia kijiwe chepesi," Dada akasema. "Wangu wote niliwakandamiza na hili. Waliotazama walitazama nilichowatandazia. Hakuna aliyemwona akiwa hai."

"Na wewe ulikuwa nao hai kila siku!" Nilikuwa napiga kelele, watu wa chumba cha pili wakachungulia. "Kila siku, Dada! Unawatoa hai, unawakandamiza ndipo unawatazama!"

"Ndivyo tunavyofanya," akasema taratibu. "Ndivyo kazi ilivyo."

Mama alikuwa ametulia kitini kwake. Hakuwa ameelewa habari ya jiwe, au nilidhani hivyo. Alielewa tu kwamba kuna kitu kimetoka jichoni kwake na kinatazamwa.

"Ni wangu?" akauliza. "Yule mwenye jina langu?"

Dada alipiga magoti mbele ya kiti. "Hapana, Mama. Wako hayupo. Hajawahi kuwepo."

Mama akafikiri. "Basi huyu anayenila jicho ni wa nani?"

Dada aliinamisha kichwa mapajani mwa Mama, juu ya lile doa la chai, akalia kwa sauti mpaka mabega yakatetemeka. Mama akapapasa nywele zake. Mimi nilisimama na hasira yangu sina pa kuiweka.

Hospitali kubwa walituambia minyoo imetoka yote, kazi imefanywa vizuri, hongereni. Kilichobaki ni kidonda kwenye kioo cha jicho, kimeoza, kimeacha kovu katikati. Tungekuja mapema, alisema daktari wa macho, na hakumalizia. Mama anaona mwanga. Anajua dirisha liko wapi. Hajui sisi ni nani mpaka tuongee.

Siku tuliyotoka hospitali aliomba arudishiwe jiwe la Baba. Dada akaenda kulichukua. Mama akaligeuza mkononi, akalinusa.

"Mimi ndiye niliyekupa," akasema.

"Mimi ndiye niliyeliweka, Mama."

"Lakini mimi ndiye niliyekupa."

Wakavutana hivyo, kila mmoja akiling'ang'ania kosa, mpaka nikawaambia basi ligaweni, nusu kwa nusu, mniache nisuke watu. Jiwe liko chini ya mto wa Mama mpaka leo.

Dada aliwaandikia wataalamu walifute lile jina. Hawajajibu. Aliwahi mferejini asubuhi na mapema kuwaambia wanawake watoke majini, wasiponde konokono kwa mikono, wasiwaogeshe watoto. Walimtazama na sabuni zao mikononi.

"Si ulisema hamgusi mtu?" mmoja akamuuliza.

"Nilikosea."

"Ulikosea vipi, wakati ulikuwa na cheti?" Wakacheka, wakaendelea kufua. Alimpigia simu bwana mifugo, akaambiwa amehamishwa. Maji ya kiwanda yanaendelea kutiririka, na yule bukini kipofu alikufa mwenyewe, akaelea pale ukingoni mpaka aliponuka.

Wachache walimsikia. Hao huja barazani kwetu jioni, wanakaa kwenye kiti changu cha kusukia, na Dada anawakunja kope mmoja mmoja kwa kijiti cha pamba. Kioo cha pili hatumii tena, wala uzito wowote. Akimwona mnyoo, anamtazama kwanza akiwa hai.

Na Mama hajaacha swali lake. Jana tulikuwa tumemaliza kula, mimi nakusanya vyombo, Dada yuko mlangoni anavua viatu.

"Umeona nini leo?" Mama akauliza.

Dada akamweleza. Mtoto wa fundi baiskeli, hana kitu. Bibi wa nyumba ya bati, hana kitu. Mama alisikiliza, uso umeelekea dirishani ambako mwanga unaingilia.

"Na mdogo wako umemtazama?"

"Mdogo wangu ana nini?" Dada akasema.

"Yeye ndiye aliyekuwa akiponda konokono nilipougua," Mama akasema. "Na mimi sioni, lakini nina masikio. Tangu juzi namsikia anafikicha jicho."

Niliushusha mkono wangu chini. Dada akaacha kiatu kimoja mguuni, akaja, akawasha taa ya barazani, akakivuta kile kiti.

"Kaa," akaniambia. "Usipepese."